Magurudumu Bila Kiti: Historia Fupi ya Kidonda cha Mgandamizo

Kwa Kinyarwanda, kiti cha mtu asiyeweza kutembea huitwa akagare, yaani baiskeli ndogo. Katika Kiswahili cha mitaani pia utasikia watu wakisema baiskeli ya mlemavu, na Tanzania wapo wanaosema kitimwendo. Majina haya yote yanataja mwendo. Jambo hilo linaeleweka, kwa sababu anayekiona kifaa hicho kwa mbali huona magurudumu kwanza. Lakini anayekitumia hasukumi magurudumu kutwa nzima. Sehemu kubwa ya siku yake ameketi: dukani, darasani, kanisani au msikitini, mezani kwa chakula. Kwake yeye kifaa hicho ni kiti kwanza, magurudumu baadaye.

Katika insha hii nitaeleza historia ya ile sehemu isiyosikika katika majina hayo, yaani mahali pa kukalia, pamoja na kidonda kinachotokea mahali hapo panapopuuzwa. Hoja yangu ni kwamba kidonda cha mgandamizo si sehemu ya kupooza, wala si majaaliwa. Kinatokana na uso ambao mtu ameukalia au kuulalia, na muda aliokaa hapo bila kusogea. Ushahidi wa jambo hili umekuwepo tangu karne ya 16. Umesahauliwa zaidi ya mara moja, na kila uliposahauliwa walioumia ni watu ambao miili yao haikuweza kuwaambia kwamba wanaumia. Nitaanzia Ulaya, ambako maandishi ya kale kuhusu jambo hili yanapatikana, kisha nitakuja Rwanda, na hatimaye nitafika Kabuga, mashariki mwa Jiji la Kigali, ambako mjomba wangu ameishi na suala hili tangu mwaka 2015.

Mifupa miwili

Kabla ya historia, ni vyema tuelewe kinachotokea mwilini. Ewe msomaji, kaa juu ya benchi la mbao, kisha ingiza viganja vyako chini ya makalio. Utagusa mifupa miwili iliyochomoza, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia. Ukiwa umeketi wima, sehemu kubwa ya uzito wa mwili wako inashukia hapo, mahali padogo kuliko viganja vyako viwili. Ukijilegeza na kuteleza mbele, uzito unahamia kwenye kifandugu na mfupa ulio juu yake. Ukiegemea upande mmoja, mfupa mmoja unabeba mzigo wa miwili. Kwa aliyelala, sehemu za hatari ni visigino, nyonga, mabega na sehemu ya chini ya mgongo.

Kati ya mfupa na ubao kuna ngozi, mafuta na misuli. Vyote hivi vinalishwa na mishipa midogo kabisa ya damu, ile inayoitwa kapilari. Mfupa unapobana kutoka juu na ubao unapokaza kutoka chini, mishipa hiyo hufungwa na damu haipiti. Mtu asiyepooza huanza kuhisi ganzi au maumivu, akajisogeza bila hata kufikiri. Hufanya hivyo mara nyingi katika saa moja. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo hapati ujumbe huo. Anaweza kukaa saa nne juu ya mfupa uleule, akiwa na furaha zake, huku nyama iliyo ndani inakufa.

Tena uharibifu mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, ndipo hutokeza nje. Ni kama parachichi lililobonyezwa na wateja wengi sokoni: ganda zima, lakini ukilikata unakuta ndani pameharibika. Jasho na mkojo hulainisha ngozi na kuharakisha mambo. Mvutano nao huongeza madhara, pale ngozi inapong'ang'ania kitambaa cha kiti wakati mfupa unateleza juu yake, kama inavyotokea kwa mtu anayeshushwa mlimani akiwa ameteleza mbele kwenye kiti chake. Katika nchi ya milima elfu moja, huo si mfano wa kubuni.

Kutoka kwa Paré hadi kwa Charcot

Mwaka 1569 daktari mpasuaji wa Kifaransa, Ambroise Paré, aliitwa kumtibu mwanamume wa ukoo mkubwa aliyekuwa amelala kwa miezi mingi kwa sababu ya jeraha la risasi gotini. Paré alikuta, pamoja na jeraha hilo, kidonda kikubwa sehemu ya chini ya mgongo wa mgonjwa. Aliandika kwamba kilitokana na kulala muda mrefu bila kugeuka. Pamoja na dawa, aliagiza kitanda kingine laini, mashuka safi, na mto mdogo wa manyoya uliowekwa ili kuinua makalio ya mgonjwa yasiguse kitanda. Mgonjwa alipona. Kwa maneno mengine, takriban miaka 450 iliyopita kulikuwa na daktari aliyejua chanzo, na aliyejua kwamba mto uliopangwa vizuri ni sehemu ya tiba.

Karne tatu baadaye jambo lilelile lilithibitishwa kwa majaribio. Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanasayansi aliyezaliwa Port Louis nchini Mauritius mwaka 1817, aliwafanyia majaribio wanyama waliokatwa uti wa mgongo. Katika maandishi yake ya mwaka 1853 alieleza kwamba wanyama hao hawakupata vidonda iwapo walikingwa dhidi ya mgandamizo wa muda mrefu na mkojo, na kwamba vidonda vilivyokwisha kutokea viliweza kupona. Kwa hiyo kukatika kwa uti wa mgongo peke yake hakukutosha kuleta kidonda.

Hata hivyo, sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, mmoja wa madaktari mashuhuri wa neva katika karne ya 19. Charcot aliona vidonda vikitokea haraka sana kwa wagonjwa waliopooza, na akafikia uamuzi kwamba vinasababishwa na uharibifu wa neva zenyewe, na kwamba ni dalili ya kifo kinachokaribia. Alichokiona kilikuwa kweli: wagonjwa wake walipata vidonda, na walikufa. Lakini maelezo yake yalikuwa na madhara makubwa. Ikiwa kidonda kinatoka ndani ya neva, muuguzi hana sababu ya kuamka saa nane usiku kumgeuza mgonjwa. Nadharia hiyo iligeuza uzembe kuwa sheria ya maumbile, na madaktari wengi waliishi nayo hadi karne ya 20.

Vita na saa mbili

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliopigwa risasi kwenye uti wa mgongo walikufa kwa wingi ndani ya majuma au miezi michache. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maambukizi ya kibofu na vidonda vya mgandamizo. Waliobaki hai walilazwa mahali pa pembeni wakisubiri zamu yao.

Mabadiliko yalianzia Marekani. Mwaka 1936, katika Boston City Hospital, daktari Donald Munro alianzisha wodi ya watu walioumia uti wa mgongo na kusisitiza kwamba wageuzwe mara kwa mara, usiku na mchana. Kisha, tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann alifungua kitengo kama hicho katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Guttmann alikuwa daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, na alipewa kazi ambayo wengi waliiona haina matumaini. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, na yeye mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku kuhakikisha kwamba amri inafuatwa. Aliondoa vitanda vya plasta ambamo majeruhi walikuwa wakifungwa. Vidonda vilipungua, na wagonjwa wakaanza kuishi.

Ilipothibitika kwamba wataishi, likaja swali jipya: wataishi vipi? Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini London, Guttmann aliwakusanya washindani 16 wakiwa kwenye viti vya magurudumu washindane kulenga shabaha kwa upinde. Kutokana na mashindano hayo ndipo yalipozaliwa yale tunayoyajua leo kama Michezo ya Paralimpiki. Sisi Wanyarwanda tunakumbuka kwa fahari timu yetu ya wanawake ya mpira wa wavu wa kukaa iliyokwenda Rio de Janeiro mwaka 2016. Ukifuata uzi wa historia ile kurudi nyuma, utafika katika wodi moja ambamo watu waligeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili. Bila kuishinda ile hali ya vidonda, pasingekuwa na wachezaji.

Kitambaa kinachoning'inia

Kwa hiyo kitanda kilipata mkombozi wake. Kiti je?

Mwaka 1933 huko Los Angeles, wahandisi wawili, Herbert Everest, ambaye alivunjika mgongo katika ajali mgodini, na rafiki yake Harry Jennings, walitengeneza kiti cha magurudumu cha chuma kinachokunjika. Lengo lao lilikuwa kiingie ndani ya gari. Ili kikunjike, mahali pa kukalia hapakuweza kuwa ubao. Walitumia kitambaa kilichofungwa kati ya mabomba mawili. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, na ulienea duniani kote. Lakini kitambaa cha namna hiyo hulegea kadiri siku zinavyopita. Kikilegea, nyonga huzama katikati, mapaja hubanana, mwili huinama upande mmoja, na mifupa ya kukalia hubaki mahali pale pale penye mkazo. Inafaa kukumbuka kwamba umbo hili lilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye gari. Leo linapatikana katika vijiji ambavyo havina gari hata moja.

Wakati huohuo sayansi ya kukaa ilikuwa ikisonga mbele. Mwaka 1930 Eugene Landis alipima shinikizo la damu ndani ya kapilari za kidole cha mtu na kupata wastani wa milimita 32 za zebaki mahali damu inapoingia. Kipimo hicho baadaye kilitumiwa kama alama ya tahadhari, ingawa si mpaka unaomfaa kila mtu. Mtu anapokaa juu ya kitu kigumu, mgandamizo chini ya mifupa ya kukalia huzidi kiwango hicho mara kadhaa. Mwaka 1959 daktari wa Marekani Michael Kosiak alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mgandamizo mkubwa wa muda mfupi na mgandamizo mdogo wa muda mrefu unaweza kuleta madhara yaleyale. Kwa hiyo nguvu na muda hufanya kazi pamoja, na anayetaka kuzuia kidonda ana mambo mawili ya kufanya: apunguze nguvu, au apunguze muda. Mito ya kukalia yenye vifuko vya hewa, iliyobuniwa na mhandisi Robert Graebe wa jimbo la Illinois katika miaka ya 1970, ilitokana na fikra hizo. Mito hiyo ni mizuri, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida katika Afrika Mashariki, na ikitoboka inahitaji mtu anayejua kuiziba.

Rwanda: kusimama, kupewa, kupimwa

Nchini Rwanda, historia ya huduma kwa watu wenye ulemavu wa viungo haiwezi kuelezwa bila kutaja Gatagara, katika Mkoa wa Kusini. Huko mwaka 1960 padri mwenye asili ya Ubelgiji, Joseph Fraipont, ambaye Wanyarwanda walimjua kwa jina la Ndagijimana, alianzisha kituo cha Home de la Vierge des Pauvres. Hadi kifo chake mwaka 1982, na hata baada yake, kituo hicho kiliwapokea watoto ambao wengi wao walikuwa wamefichwa majumbani. Walipewa shule, upasuaji, magongo na viungo bandia. Fahari ya wakati ule ilikuwa mtoto aliyekuwa akitambaa asimame kwa miguu yake. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya ukombozi, na tunapaswa kuiheshimu. Ila tugundue kwamba katika fikra hiyo, kukaa kulikuwa hali ya kuondokana nayo. Haikuwa hali ya kuishi ndani yake kwa miaka 40.

Kisha Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaacha watu wengi na ulemavu wa kudumu, na hospitali hazikuwa na watumishi wala vifaa. Misaada ilikuja kutoka pande nyingi, na viti vya magurudumu vilikuwa miongoni mwake. Viti vya msaada vina tabia yake, si Rwanda tu. Huja kwa kontena, kwa ukubwa mmoja au miwili, na hugawiwa kwa sherehe na picha. Hesabu ya mafanikio huwa ni idadi ya viti vilivyogawiwa.

Dhidi ya desturi hii yalijitokeza mawazo mengine. Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alianza miaka ya 1980 kushirikiana na mafundi wa Nicaragua kutengeneza viti vinavyofaa njia mbovu na vinavyotengenezeka mtaani. Hapa kwetu Afrika Mashariki, chuo cha mafundi wa viungo bandia cha TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, baadaye kilianza pia kufundisha mafundi wa viti vya magurudumu. Hatimaye mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo unataja hatua nane, kuanzia kumpokea mtu na kumpima, hadi kumfundisha na kumfuatilia baada ya kukipata kiti. Kumkabidhi mtu kiti tu hakuhesabiwi kuwa huduma. Mwaka 2012 shirika hilohilo lilitoa mafunzo ya ngazi ya msingi yanayoeleza, pamoja na mengine, namna ya kutengeneza mto wa sponji wa kupunguza mgandamizo.

Mwaka huohuo wa 2008, mwezi wa Desemba, Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, baada ya kuwa na sheria yake ya kuwalinda watu wenye ulemavu tangu Januari 2007. Lugha nayo ilibadilika. Neno la zamani la Kinyarwanda, ikimuga, liko katika ngeli ya vitu, kama vile Kiswahili kilivyosema kilema na kiwete. Siku hizi tunasema ufite ubumuga, mtu mwenye ulemavu. Sheria na lugha zimemtoa mtu katika ngeli ya vitu. Swali langu ni kama kiti chake nacho kimefuata.

Kabuga

Kabuga iko katika Tarafa ya Rusororo, Wilaya ya Gasabo, kwenye barabara kuu itokayo Kigali kwenda Rwamagana. Malori yatokayo Dar es Salaam kupitia mpaka wa Rusumo hupita hapo, na ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kusikika sana karibu na kituo cha mabasi. Barabara kuu ina lami. Ukiiacha na kuingia mitaani unakutana na udongo mwekundu, mawe, mifereji na miteremko.

Mjomba wangu alikuwa fundi mwashi. Mwaka 2015 alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mgongo, na tangu hapo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Wauguzi walimgeuza kwa bidii, naye alitoka hospitali bila kidonda. Baada ya miezi kadhaa alipata kiti cha msaada, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na kuuza vocha. Kiti kilikuwa kipana kwa mwili wake, hivyo alizoea kuegemea upande wa kulia ili mkono wake uifikie meza. Kitambaa kilianza kulegea. Shangazi alikunja blanketi na kuliweka juu yake. Jirani mmoja, kwa wema, alimletea mpira wa ndani wa gurudumu uliojazwa upepo. Watu wengi huamini kwamba pete ya namna hiyo huacha mfupa hewani. Wataalamu wanaikataza, kwa sababu pete hubana ngozi pande zote na kuzuia damu kufika katikati.

Kidonda kilitokea upande wa kulia. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu. Dalili hiyo imeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachopaswa kutafutwa ni sehemu iliyobadilika kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, iliyo ya moto au ya baridi kuliko ngozi ya jirani, iliyokuwa ngumu au iliyolegea ikiguswa. Shangazi alikuwa akitazama wekundu kila jioni, kama alivyoambiwa, na hakuuona. Mjomba alilala kifudifudi kwa zaidi ya miezi minne. Kibanda kilifungwa, wateja wakahamia kwingine, na binamu yangu alikosa muhula mmoja wa shule kwa sababu ada ilitumika kwenye bandeji na nauli za kwenda kliniki.

Aliyeubadilisha mwenendo huu alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alimwambia kwamba akirudi kwenye kiti kilekile atarudi pia kwenye kidonda kilekile. Alimchorea mto. Mjomba aliupeleka mchoro kwa fundi wa masofa hapohapo Kabuga, mtu ambaye hajawahi kusomea tiba. Chini aliweka ubao mwembamba wa kuzuia kitambaa kisizame. Juu yake sponji ngumu, iliyokatwa shimo la kina kifupi mahali mifupa miwili inapokaa, na mbele ya shimo pakaachwa ukuta mdogo unaozuia nyonga kuteleza. Juu kabisa aliweka tabaka la sponji laini, na pembeni akajaza nafasi iliyozidi ili mjomba asiegemee tena. Mapaja yalianza kubeba sehemu ya uzito. Foronya ilikuwa ya kitambaa kinachonyumbulika, kwa kuwa kitambaa kilichokaza hugeuka ngoma na kulifunika shimo.

Kisha walipima, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Ni njia ileile inayofundishwa katika mafunzo ya mwaka 2012. Mtu huingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia, mwenye kiti akiwa ameketi wima. Ncha za vidole zikiweza kuchezacheza juu na chini kidogo, pako salama. Zikishindwa kucheza lakini zikatoka kwa urahisi, ni onyo. Zikibanwa kiasi kwamba ni vigumu kuzitoa, pana hatari na mto haufai. Mara ya kwanza vidole vya shangazi vilibanwa upande wa kulia. Fundi aliongeza kina cha shimo. Mara ya pili vilicheza.

Nilipokuwa nikiandaa insha hii nilimuuliza mjomba jinsi anavyoikumbuka siku alipopewa kiti.

"Mwanangu, siwalaumu," alisema. "Walinipa magurudumu, na nilishukuru. Kiti nilikitafuta mwenyewe."

Mto pekee hautoshi

Msomaji anaweza kusema kwamba ninakuza mambo, na kwamba tatizo ni umaskini tu. Umaskini ni sehemu yake, lakini si lote. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyejulikana duniani kwa filamu za Superman, alipooza baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995. Alikuwa na fedha, wauguzi na vifaa bora. Alifariki Oktoba 2004, katika siku ambazo alikuwa akitibiwa kidonda cha mgandamizo kilichopata maambukizi. Kidonda hiki hakichagui tajiri wala maskini, na mto wa bei kubwa hauondoi haja ya uangalizi wa kila siku.

Tukumbuke ile kanuni ya Kosiak: nguvu na muda. Mto unapunguza nguvu. Muda unapunguzwa na mwenye mwili. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kujiinua kwa mikono kwa sekunde chache kisha wakae tena. Mwaka 2003 utafiti wa Maureen Coggrave na Louise Rose nchini Uingereza ulionyesha kwamba, kwa wastani, ilichukua dakika 1 na sekunde 51 ya kuondoa uzito ili oksijeni irudi katika nyama kama ilivyokuwa. Hakuna mabega yanayoweza kumwinua mtu muda wote huo mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana siku hizi hupendekezwa kuinama mbele, kifua kikielekea magotini, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine. Mjomba huinama juu ya meza ya kazi yake. Anayepita hudhani anatafuta skrubu iliyoanguka.

Sponji nayo huchoka. Hubonyea, na shimo lililopimwa vizuri mwaka jana huwa si shimo tena mwaka huu. Kwa hiyo kipimo cha vidole kinapaswa kurudiwa, na ngozi kukaguliwa kila siku kwa kioo au kwa mkono wa mtu mwingine. Kidonda kikishafunguka, mtu asijitibu nyumbani kwa kukisia. Aondoke juu ya mfupa huo na aende kwa wahudumu wa afya mapema.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, historia niliyoieleza inaonyesha kwamba maarifa hayakukosekana. Paré alitumia mto mwaka 1569. Brown-Séquard alitoa ushahidi mwaka 1853. Guttmann alionyesha mwaka 1944 kwamba saa na mikono ya wauguzi vinaweza kuokoa maisha. Kilichokosekana, kila mara, ni mtu wa kuamini kwamba mwili uliopooza unastahili kazi hiyo ya kila siku. Charcot alikuwa na akili nyingi, lakini alitafuta chanzo ndani ya mgonjwa na hakutazama vya kutosha chini ya mgonjwa. Desturi ya kugawa viti bila kumpima mtu ina kasoro ya aina hiyohiyo. Kidonda kikitokea, husemwa kwamba ndivyo walivyo waliopooza.

Sisi wanafunzi wa historia tuna sehemu yetu pia. Ripoti na picha za ugawaji wa viti zimehifadhiwa. Mchoro wa yule mtaalamu na jinsi fundi wa masofa wa Kabuga alivyokata sponji havikuhifadhiwa popote, na mto wa kwanza umekwisha kutupwa. Nimeuomba mchoro kwa mjomba, nikaunakili pamoja na vipimo vyake, na nakala moja nimempa fundi aibandike ukutani. Tangu hapo ameshatengeneza mito kwa ajili ya watu wengine wawili wa mtaa huohuo. Wote wawili aliwapima kwa vidole kabla ya kushona foronya.